Makampuni ya ndege yanapoungana: rubani anachagua nini, na sisi wa Kayna tunabaki na nini?

Mwanzoni mwa Desemba 2024 nchi yetu ilipata tena kampuni ya ndege yenye jina ambalo wazee wetu wanalikumbuka: Air Congo. Serikali ya Kongo ina hisa asilimia 51, na Ethiopian Airlines ina asilimia 49. Ilianza kazi kwa ndege mbili za aina ya Boeing 737-800. Wakati huo huo, kampuni nyingine ya Serikali, Congo Airways, ilikuwa imefika mahali pa kukosa ndege za kurusha. Hiyo ilianza safari mwaka 2015 kwa Airbus A320 mbili zilizonunuliwa kutoka Alitalia ya Italia, kisha ikaongeza ndege za mapanga za aina ya Q400.

Kwenye karatasi, huo si muungano wa makampuni mawili. Lakini kwa mtu anayekaa mbele ya ndege, rubani, maana yake iko karibu na muungano: nguvu ya Serikali imehama kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na nyumba mpya inatumia ndege za aina nyingine. Aliyezoea Airbus anaona Boeing. Aliyezoea Q400 anauliza kama kuna nafasi yake. Swali la kila mmoja ni hili: nitarusha ndege gani, na nani atatangulia kuchagua?

Wapendwa wasomaji, wengi wetu hapa Kayna hatujawahi kupanda Boeing. Tunajua Fuso iliyojaa viazi na kabichi, tunajua pikipiki, na tangu vita vitupite tunajua sana miguu yetu. Kwa nini basi tovuti ya makanisa ipoteze wino kwa mambo ya marubani? Kwa sababu mbili. Kwanza, ndege wanazochagua watu wa Kinshasa na Addis Ababa ndizo zinazoamua kama Beni na Butembo zitakuwa kwenye ramani. Pili, makanisa yetu nayo yameungana, na leo yanaunganishwa tena na vita. Maswali ya marubani ni maswali yetu.

Rubani hachagui ndege kama pikipiki

Kijana wa kwetu anayejua kuendesha TVS atapanda Boxer siku hiyo hiyo na kwenda. Kwa ndege kubwa si hivyo. Rubani ana leseni, lakini juu ya leseni lazima awe na hati ya aina ya ndege anayorusha. Ukiwa na hati ya Airbus A320, huruhusiwi kukaa kwenye kiti cha Boeing 737 mpaka ufundishwe upya. Kwenye Airbus ya leo rubani anaongoza kwa fimbo ndogo iliyo pembeni yake. Kwenye Boeing 737 anashika usukani ulio mbele ya kifua. Kompyuta zinafikiri kwa njia tofauti, na hatua za kufuata injini ikizima ni tofauti. Mafunzo yanachukua majuma kadhaa: darasani, kisha kwenye mashine inayoigiza ndege, kisha angani pamoja na mwalimu. Yanagharimu maelfu mengi ya dola. Mashine hizo ziko Addis Ababa na kwenye miji mingine michache ya Afrika.

Kwa hiyo makampuni mengi yanampangia rubani aina moja tu kwa wakati mmoja, na akishafundishwa humfunga hapo kwa miaka fulani ili gharama irudi. Kuchagua ndege ni kama kuchagua shamba: hutahama kesho.

Na uchaguzi wenyewe una uzito. Ndege kubwa kwa kawaida inalipa mshahara mkubwa, lakini inamlaza rubani mbali na nyumba yake. Ndege ndogo inamrudisha jioni kwa watoto, lakini inatua mara nyingi kwa siku, kwenye mvua na milima. Kuna na jambo la kiti. Mtu anaweza kuwa kapteni, yaani mkubwa, kwenye ndege ndogo, au kuwa msaidizi kwenye ndege kubwa. Kipi ni bora? Marubani wenyewe hawakubaliani. Kijana atasema, niende kwenye kubwa, nitakuwa kapteni baadaye. Mwenye miaka 60 atahesabu kwamba sheria ya kimataifa inamsimamisha kwenye miaka 65, na kampuni haitapenda kumlipia mafunzo marefu kwa miaka michache iliyobaki.

Orodha inayoleta ugomvi

Katika makampuni mengi, hasa Marekani, jibu la nani achague kwanza liko kwenye orodha ya ukongwe wa kazi. Aliyeingia zamani yuko juu. Anachagua ndege, kituo, hata siku za mapumziko, kisha wa chini wanapokea kilichobaki. Ndani ya kampuni moja orodha hiyo inaleta amani, kwa sababu kila mtu anajua nafasi yake. Makampuni mawili yakiungana, orodha mbili lazima ziwe moja. Hapo ndipo moto unapowaka.

Mwaka 2005 kampuni ya US Airways iliungana na America West. Marubani wa US Airways, walioitwa watu wa mashariki, walikuwa wakongwe. Wengi wao walikuwa na miaka mingi kazini, lakini kampuni yao ilikuwa imefilisika na baadhi yao walikuwa wamesimamishwa kazi. Wale wa America West, watu wa magharibi, walikuwa vijana zaidi, lakini walikuwa wanaruka kila siku. Wa mashariki walisema: tuhesabu tarehe ya kuajiriwa. Wa magharibi walisema: tuhesabu kile ambacho kila mmoja alileta, ninyi mlileta miaka, sisi tulileta kazi yenyewe. Mwaka 2007 msuluhishi aliwaweka waliosimamishwa wa mashariki chini kabisa, nyuma ya vijana wa magharibi. Wa mashariki walikataa, wakaangusha chama chao cha zamani na kuunda kingine mwaka 2008. Kesi zikaenda mahakamani. Kwa miaka mingi kampuni moja, yenye rangi moja na jina moja, ilikuwa na makundi mawili ya marubani yasiyochanganyika ndani ya chumba kimoja cha ndege.

Lakini si wote walioshindwa. Delta na Northwest ziliungana mwaka 2008. Northwest ilikuwa na Boeing 747, Delta ilikuwa na Boeing 777. Orodha iliunganishwa mwaka huo huo kwa msuluhishi, lakini paliwekwa uzio: kwa muda fulani, nafasi kwenye ndege fulani kubwa zililindwa kwa wale waliotoka upande uliozileta. Kila mmoja aliona kwamba hakuingia kwenye muungano ili kunyang'anywa, na uzio ulikuwa na siku ya mwisho. Tunaona hapa hekima ambayo hata baraza la parokia linaweza kujifunza: lindeni kila upande kwa muda unaojulikana, kisha muwe kitu kimoja kweli.

Kwetu Afrika ya mashariki na Kongo

Sisi tumejua zaidi kuvunjika kuliko kuungana. East African Airways, iliyoanzishwa 1946 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikufa mwaka 1977 wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Ilikuwa na jeti kubwa za Super VC10. Hizo zilirudishwa Uingereza. Kenya Airways ilipoanza mwaka huo huo, iliruka na Boeing za kukodi kutoka British Midland. Rubani aliyekuwa mtu wa VC10 alijikuta hana VC10, na ndege ikawa swali la uraia.

Kongo nayo ina historia yake. Air Congo ya kwanza ilizaliwa 1961, ikawa Air Zaïre 1971, ikaanguka 1995. Makampuni ya watu binafsi yakajaza nafasi. Hewa Bora iliruka hadi ajali zake zikazidi: Goma mwezi wa Aprili 2008, Kisangani mwezi wa Julai 2011. Kwenye mabaki yake ilitokea FlyCongo mwaka 2012, na mwaka huo huo FlyCongo iliunganishwa na CAA, kampuni ambayo watu wa Beni wanaijua vizuri. CAA ilikuwa na jeti za Airbus kwa miji mikubwa na Fokker 50 za mapanga kwa viwanja vidogo. Machi 2013, Fokker 50 yake moja ilianguka ndani ya mji wa Goma. Na Novemba 24, 2019, Dornier 228 ya Busy Bee iliyokuwa ikija Beni ilianguka kwenye nyumba za watu Goma mara baada ya kuruka. Zaidi ya watu 20 walikufa, baadhi yao walikuwa ndugu wa makanisa yetu na jamaa zetu.

Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umekataza makampuni ya ndege ya Kongo kuingia anga lake, kwa sababu hauamini usimamizi wetu. Ndiyo maana Serikali imetafuta mwenza mwenye jina safi. Ethiopian imefanya hivyo mahali pengine: ina asilimia 49 ya Malawi Airlines na 45 ya Zambia Airways. Mpango huo una faida: ndege zinazotunzwa, walimu, mashine za mafunzo. Una hatari pia: mwenza analeta aina ya ndege zake, na aina ya ndege inaleta aina ya rubani. Asipopangiwa njia ya kufundishwa, mtoto wa Kongo aliyesomea Airbus au Q400 anabaki akitazama angani kama sisi.

Ndege ipi inafika kwetu?

Sasa turudi Kivu ya Kaskazini. Boeing 737-800 inabeba watu zaidi ya 150. Q400 inabeba karibu 75. Let 410 inabeba 19, na Cessna Caravan kama kumi hivi. Boeing inataka uwanja mrefu, lami nzuri, gari la zimamoto, na abiria wengi kila siku. Uwanja wa Rughenda, Butembo, ni wa ndege ndogo. Mavivi, karibu na Beni, ni mkubwa zaidi, na ndio mlango wetu wa anga tangu uwanja wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Kwa mtu wa Kayna, mlango huo uko ng'ambo ya mstari wa vita. Kanyabayonga iliangukia mikono ya M23 tarehe 28 Juni 2024, na Kayna na Kirumba zikafuata ndani ya siku chache. Njia ya Butembo, zaidi ya kilomita 100 kwenye barabara ya taifa namba 2, si safari ya kawaida tena.

Kwa hiyo kampuni ikichagua Boeing tu, na marubani wote wenye uwezo wakikimbilia Boeing, si Kinshasa wala Lubumbashi watakaolia. Watakaolia ni Beni, Butembo, Bunia, Isiro. Ndege ya mapanga itabaki kwa makampuni yasiyo na fedha za mafunzo, na kwa marubani waliokosa nafasi kwingine. Hatusemi kwamba rubani wa ndege ndogo ni mdogo wa akili. Kutua kwenye uwanja mfupi kati ya milima, mawingu yakiwa chini, ni kazi ngumu kuliko kutua Addis Ababa. Tunasema kwamba kampuni ikiona ndege ndogo kama adhabu, atakayepata adhabu hiyo ni abiria.

Tumeona kile ndege ndogo inaweza. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, chanjo zilizotaka baridi kali zilifika Beni na Butembo kwa sababu kulikuwa na ndege na marubani wa kuzileta. Na makanisa yetu ya Kiprotestanti yana deni la shukrani kwa MAF. Kwa miaka mingi marubani wake waliruka kutoka Nyankunde, na baada ya hospitali ya Nyankunde kushambuliwa Septemba 2002, waliendelea kutoka Bunia. Wengi wao wangeweza kutafuta jeti na mshahara mkubwa kwao. Walichagua Cessna, na viwanja vya majani, na wagonjwa waliolala kwenye machela.

Abramu na Lutu

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, kinatupa habari ya uchaguzi. Mifugo ya Abramu na Lutu iliongezeka, wachungaji wao wakagombana, nchi ikawa ndogo. Abramu ndiye alikuwa mkubwa. Kwa orodha yoyote ya ukongwe, yeye angechagua kwanza. Lakini alimpa kijana nafasi hiyo. Lutu aliinua macho, akaona bonde la Yordani lenye maji, akalichukua. Tunajua lilimpeleka wapi.

Tusisome habari hiyo kwa haraka, tukasema wazee wote waachie vijana kila kitu. Yesu alipotoa mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, katika Mathayo 20, walioajiriwa asubuhi walipewa dinari waliyokubaliana. Mwenye shamba hakuwaibia kwa ajili ya wale wa jioni. Aliwalipa haki yao, kisha akawa mwema kwa wengine kwa mali yake mwenyewe. Ndiyo kusema, mwenye mamlaka anayetaka kuwa mwema kwa wapya asilipe wema huo kwa jasho la wakongwe. Na mkongwe anayelindwa haki yake asiwe na jicho baya mgeni akipata mkate. Mambo hayo mawili lazima yatembee pamoja. US Airways ilikosa yote mawili.

Sisi wenyewe ni matunda ya muungano. Mwaka 1970, Baraza la Waprotestanti Kongo liligeuka kuwa Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC. Misheni za Wabaptisti, Wapentekoste, Wamethodisti na wengine ziliingia chini ya paa moja, lakini kila moja ilibaki jumuiya yenye namba yake na desturi zake. Tunaweza kusema walikubali kampuni moja yenye ndege za aina nyingi. Wengine waliona huo ni udhaifu. Sisi tunaona kwamba umetuwezesha kukaa pamoja zaidi ya miaka 50, ingawa tunajua jinsi namba zile zimetumika pia kugombania viwanja, shule na viti.

Leo vita vinatuunganisha bila kutuuliza. Wakristo waliokimbia Kanyabayonga walilala kwenye madarasa na makanisa ya Kayna, Kirumba, Lubero na Butembo. Kwaya mbili zikajikuta na kinanda kimoja. Mchungaji mwenye miaka 25 ya utumishi akajikuta ameketi kwenye benchi la wageni, akimsikiliza kijana mwenye parokia. Nani ahubiri? Nani asimamie sadaka? Shemasi mkimbizi bado ni shemasi? Tumesikia parokia zilizojibu vizuri na zilizojibu vibaya. Zilizojibu vizuri hazikusubiri ugomvi: ziliketi mapema, zikaandika majina yote kwenye karatasi moja, zikampa mgeni huduma halisi na si kiti cha heshima tu, zikakubaliana siku ya kuangalia tena. Zilizojibu vibaya zilisema, ninyi ni wageni, subirini amani. Amani haijaja, na watu wale wamepoa katika imani.

Tunachoomba na tunachouliza

Kwa wabunge wetu wa Butembo, Beni na Lubero, tunaomba waulize mambo matatu waziwazi. Marubani na mafundi wa Kongo waliokuwa Congo Airways wana njia gani ya kufundishwa kwenye ndege mpya, na kwa orodha ipi inayojulikana? Kampuni yenye hisa za taifa asilimia 51 itakuwa na ndege za viwanja vidogo, au hizo zitaachwa kwa bahati? Na nani anakagua ndege ndogo zinazotua Rughenda na Mavivi? Wahanga wa Novemba 2019 wanastahili majibu.

Kwa vijana wetu wanaopenda hesabu na fizikia: kazi ya urubani na ufundi wa ndege si ya Wazungu wala ya watoto wa mawaziri tu. Njia ni ndefu na ya gharama. Lakini siku moja mtu atatua Rughenda akijua jina la kila kilima kwa sababu alichunga mbuzi pale.

Kwa wazee wa makanisa: mkiona parokia yenu imepokea wageni, msingoje msuluhishi kutoka Goma. Fanyeni orodha yenu leo, mbele za Mungu. Mkongwe asinyang'anywe, mgeni asitupwe chini. Na kama mmoja lazima aachie nafasi ya kuchagua, mwenye nguvu aanze, kama Abramu.

Juma hili tuombee marubani wanaoruka juu ya Kivu katika mvua, abiria wanaowaamini, na familia zinazosubiri upande wa pili wa mstari. Tuombee pia barabara ya Butembo ifunguliwe, maana hata ndege iwe ndogo namna gani, mtu wa Kayna lazima kwanza afike uwanjani.